Kuhesabu wamama na vichanga ku mtaa: mwongozo kamili wa kukusanya data ya programu ya afya (Bukavu na kandokando)

Ukifungua rejista ya materinite (nyumba ya kuzalia) utakuta jina la kila mama aliyefika. Yule hakufika hayuko mule, na mara nyingi njo yeye programu yako iliundwa juu yake. Kwa hiyo kazi yote ya data ku mtaa, ukitoa makaratasi na mikutano, iko hapo tu: kujua nani hakufika, anaishi avenyu gani, na nini ilimzuia. Naandika kwa watu wenye kusimamia wareko (wajitoleaji wa afya ku mtaa) hapa Bukavu, iwe Kadutu, Ibanda ao Bagira, lakini mtu wa Goma pia hatapotea, mambo karibu ni yale yale.

1. Anza na uamuzi, fishi itakuja nyuma

Programu nyingi zinaanza na fishi. Mtu anakaa ofisini anaandika maswali kurasa tatu, anapiga fotokopi, wareko wanapewa na biki moja moja, kiisha mwisho wa mwezi kuna rundo la karatasi kwenye kabati na hakuna mtu wa kulisoma. Geuza mambo. Kaa na titileri (muuguzi mkuu) wa santre ya afya, watu wa CODESA (komite ya maendeleo ya eneo la afya), na wareko wawili watatu wenye kujua mtaa vizuri, muulizane: mwezi ujao tunataka kukata shauri gani? Kumtuma nani aende wapi? Kuhamisha siku ya CPN (kupima wamama wenye mimba) juu inagongana na siku ya soko? Swali ambalo jibu lake halitabadilisha kitu, litoe. Hata kama mfadhili analipenda, jadiliana naye kwanza.

Mimi naona vitu saba vinatosha ku mtaa, na hata tano si mbaya:

- mimba mpya zilizoandikwa, na kati yake ngapi zilipatikana mapema, kabla ya mwezi wa nne wa mimba
- wamama waliofikisha CPN nne (OMS, shirika la afya duniani, tangu 2016 inashauri mara nane, lakini ile nne usiitupe, njo itakuwezesha kulinganisha na miaka ya nyuma)
- waliomeza SP (dawa ya kuzuia malaria wakati wa mimba) dozi tatu ao zaidi
- mama alizalia wapi, na nani alimzalisha
- bebe aliyeonwa na munganga ao reko ndani ya siku mbili za kwanza
- bebe aliyewekwa ku ziwa ndani ya saa moja
- vifo: mama, mtoto aliyezaliwa mfu, na kichanga chini ya siku 28

Kila kimoja kiandikie maana yake kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili ya watu, kiisha kila reko awe nayo. "Aliyeonwa" maana yake nini? Reko aliyempungia mama mkono toka barabarani hakumuona bebe. Kumuona ni kumfunua, kutazama kitovu, kuhesabu pumzi (kichanga akipumua mara 60 ao zaidi kwa dakika moja, na ukihesabu tena ikabaki vile, anaenda santre leo leo), na kuuliza kama ananyonya.

2. Namba ya chini (ile ya kugawanyia), ile inayodanganya watu

Ukisema asilimia 80 ya wamama walizalia santre, mtu ana haki ya kukuuliza: asilimia 80 ya wamama gani? Hapa kwetu zoni za afya zinatumia hesabu ya kawaida, mimba za mwaka ni 4% ya watu wote. Tuseme eneo lako la afya liko na watu 12 000, hiyo inakupa mimba 480 kwa mwaka, sawa na 40 kwa mwezi. Ni hesabu nzuri ya kuanzia, lakini inasimama juu ya ile 12 000, na hiyo 12 000 ilitoka wapi? Mara nyingi ni hesabu ya zamani iliyoongezwa kila mwaka. Halafu tangu 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, kuna watu waliokimbia, kuna waliorudi, kuna waliokuja toka vijijini wakajazana kwa ndugu zao. Njo maana unaona rapori yenye 130% ya CPN na hakuna mtu anashtuka.

Dawa yake ni kuhesabu nyumba wewe mwenyewe. Kila reko apite avenyu zake mara moja mwanzoni, aandike nyumba, watu, wanawake wenye umri wa kuzaa, wenye mimba, na watoto chini ya mwaka mmoja. Arudilie kila miezi sita. Chefu wa avenyu ao nyumbakumi atembee naye siku ya kwanza, si kwa kuandika, kwa kufungua milango tu. Kiisha hapo utakuwa na namba mbili za chini, ile ya 4% na ile ya nyumba, na zikiachana sana usichague ile inayokupendeza, tafuta kwa nini.

3. Nani ashike kaye (daftari)

Reko mzuri ni yule ambaye wamama wanamuita usiku. Mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ameshazaa, na si lazima awe amesoma sana, akiweza kuandika jina na tarehe inatosha. Vijana wenye diploma wanaandika vizuri sana lakini mama mkwe hawafungulii. Ukiweza, waweke wawili wawili, mama mmoja na kijana mmoja.

Halafu kuna watu ambao hawamo kwenye orodha ya wareko na wanajua zaidi kuliko wareko: mama mzee anayezalisha nyumbani, muuza dawa wa kona, mama mkubwa wa kikundi cha wamama ku kanisa, na mama anayeuza makala (mkaa). Usiwape fishi. Mpe reko kazi ya kupita kwao kila wiki na swali moja tu: "Wiki hii kumetokea nini?" Mama mzalishaji akiona kila akisema jambo anagombezwa, atanyamaza, na ukisha kumpoteza yeye umepoteza uzazi wote wa nyumbani.

Malipo sasa. Usilipe kwa kichwa, yaani kila mimba iliyoandikwa pesa kidogo. Utapata mimba nyingi kuliko wanawake. Lipa usafiri na unite ya simu kwa kiasi kile kile kila mwezi, ukitaka kuongeza motisha iweke kwenye kaye iliyo kamili na iliyohakikishwa.

4. Kaye kwanza, fishi baadaye

Kaye moja kubwa yenye ganda gumu kwa kila reko. Ukurasa mmoja kwa kila mama, si mstari mmoja, juu mama mmoja utamfuata karibu mwaka mzima toka mimba mpaka bebe anapofika wiki sita. Juu kabisa andika alama yake (kwa mfano CIM-03-017: kartye, avenyu, namba), umri, mimba ya ngapi, damu ya mwisho, siku anayotarajiwa kuzaa, simu ya mtu wa karibu kama amekubali kuitoa. Chini yake tarehe: CPN ya kwanza, ya pili, na kuendelea, SP, chandarua, uzazi, uzito wa bebe, kuonwa siku ya 1, ya 3 na ya 7. Nafasi ya mwisho iache wazi kwa maneno, mule njo utapata sababu.

Tarehe ya damu ya mwisho wengi hawaikumbuki kwa namba, lakini wanaikumbuka kwa mambo. Ilikuwa kabla ya Noeli ao nyuma? Watoto walikuwa wamerudi masomo? Kiangazi kilikuwa kimeanza? Ilikuwa karibu na 30 Juni? Tengeneza na wareko kalenda ya mtaa ya mwaka mzima, weka Pasaka, mitihani ya serikali, siku mvua iliporudi, siku robine ya kartye ilipokauka. Utashangaa vile wiki zinaanza kukaribia ukweli.

Fishi ya mwezi ni ukurasa mmoja wa jumla tu, reko anaijaza akihesabu toka kaye. Ikiwa hesabu ya fishi haiwezi kuonyeshwa kwenye kaye, hiyo namba haipo.

5. Kuingia nyumbani na kuuliza

Hapa njo data inazaliwa ao inakufa, kwa hiyo fanyeni mazoezi kabla ya kutoka. Reko anapiga hodi, anasalimia kwanza aliye mkubwa ku nyumba, na kaye inabaki ku mufuko.

– Hodi ku nyumba!
– Karibu. Ingia mukae.
– Jambo mama Neema, muliamka?
– Tuliamka. Watoto tu njo wanakohoa.

Azungumzie kwanza hicho kikohozi. Kiisha aombe ruhusa: "Mama, napita kwa kazi ya santre, naandika wamama wenye mimba na wenye kuzaa, ili asibaki mtu nyuma. Hamlipi kitu, na jina halitatoka. Mukikataa pia si mbaya." Na swali lenyewe asimpige nalo mtu mmoja usoni. Asiulize "uko na mimba?", aulize "hapa nyumbani kuna mwenye mimba, ao mwenye amezaa tangu Pasaka?" Mama mkwe atajibu hapana, na yule bibi-arusi anaosha vyombo pale nyuma hatainua kichwa. Sawa. Usibishe. Reko anasema atapita tena kuleta siku za peze (kupima watoto uzito), na siku mbili nyuma anamkuta yule yule ku robine, kwenye mstari wa mabidoni, na pale bibi-arusi mwenyewe anaanza kuongea. Mimba ya miezi mitatu ya kwanza watu wengi wanaificha, kuna wenye kuogopa macho ya watu, kuna wasichana wasiotaka wazazi wajue. Kwa hiyo mimba zilizoandikwa mapema zikiongezeka, usifikiri kwamba watu wanazaa zaidi, ni kwamba reko ameanza kuaminiwa.

Kitu kimoja cha kukataa kabisa: swali la mimba ilitoka kwa nani. Kivu yetu tunaijua. Kuna mama ambaye hilo swali linamrudisha mahali asitake kurudi, na jibu lake kwenye kaye linaweza kumharibia ndoa ao kumuweka hatarini. Programu yako haina haja nalo. Mama akisema mwenyewe kwamba alishikwa kwa nguvu, reko asiandike, amuongoze siku ile ile kwa munganga aliyefundishwa, maana kuna dawa za kuzuia VVU ambazo zinafanya kazi tu zikianzwa ndani ya saa 72. Hali ya VVU pia vilevile, inabaki santre.

6. Vifo, pole pole na kwa heshima

Sehemu hii watu wanaikimbia, na njo yenye faida zaidi. Chukua lile eneo la watu 12 000. Uchunguzi mkubwa wa taifa wa 2013-2014 ulikuta vifo 28 vya vichanga chini ya mwezi mmoja kwa kila watoto 1000 waliozaliwa wazima, na vifo vya wamama 846 kwa kila watoto 100 000 waliozaliwa wazima. Weka hizo kwenye zile mimba zako 480, tuseme zote zifike ku uzazi: kama kichanga mmoja kwa mwezi, na wamama karibu wanne kwa mwaka. Hizo namba ni za zamani na hali ya mtaa wako inaweza kuwa nzuri zaidi, lakini rapori ikisema sufuri ya vichanga miezi sita mfululizo, usipige makofi. Watu wanaficha, ao hakuna aliyeuliza. Na vifo vya wamama usivitafutie asilimia kwenye eneo dogo vile, kimoja zaidi ao kimoja pungufu kinaipindua hesabu yote. Hesabu kila kimoja, na ujue kisa chake.

Kutenganisha mtoto aliyezaliwa mfu na kichanga aliyekufa ni kazi ya maswali matatu, yaulizwe kwa sauti ya chini na kwa mama peke yake ao na aliyemsaidia kuzaa: Alilia? Alipumua, hata kidogo? Alitikisa mkono ao mguu? Jibu moja tu likiwa ndiyo, huyo alizaliwa mzima, hata kama aliishi dakika tano, na anahesabiwa kifo cha kichanga. Yote yakiwa hapana na mimba ilikuwa imefikisha wiki 28, alizaliwa mfu. Kabla ya hapo ni mimba iliyotoka. Halafu ngozi yake ilikuwaje? Ikiwa ilikuwa inabambuka, alikufa tumboni zamani kidogo, angalia CPN, presha, kaswende, malaria. Ikiwa ilikuwa nzima, kuna uwezekano mkubwa alikufa wakati wa uchungu, basi angalia barabara, ucheleweshaji, na vile alizalishwa. Ni swali moja la ngozi, lakini linakuelekeza pa kutengeneza.

Kwa kifo cha mama, usingoje mtu akuambie "alikufa na uzazi". Kila mwanamke wa miaka 12 mpaka 49 aliyekufa ku avenyu, reko aulize kama alikuwa na mimba ao kama mimba yake iliisha ndani ya siku 42 zilizopita. Wengi wanazikwa kwa jina la malaria ao la uchawi. Simu inaenda kwa titileri siku ile ile, titileri anajulisha zoni. Mazungumzo marefu na familia si ya reko, ni ya mtu aliyefundishwa, na yanangoja matanga yaishe. Na mkutano wa kuchambua kifo ukigeuka kutafuta mkosaji, kifo kinachofuata hamtaambiwa.

7. Telefone ao karatasi?

Vyote viwili, kama pesa inaruhusu. KoboCollect, apu ya telefone, inajaza fishi bila rezo na inatuma ukifika pale penye intaneti, kwa hiyo reko hahitaji mega kila siku. Weka vizuizi mule ndani: tarehe isiyopita leo, uzito wa bebe uwe kwa gramu na usipite 6000, na ukiwa chini ya 2500 fishi ifungue maswali ya joto, kumweka bebe kifuani ngozi kwa ngozi, na kunyonya. Lakini kaye ibaki, juu umeme wa hapa tunaujua, na telefone inaibiwa.

Alama za GPS mimi nashauri mzizime. Ramani ya nyumba ndani ya telefone ya mtu wa kawaida, kwenye mji wenye vizuizi vya askari, inaleta maswali ambayo reko hana majibu yake. Jina la avenyu linatosha. Na ile tabia ya kupiga picha ukurasa wa kaye na kuitupa ku kikundi cha WhatsApp, kateni leo. Ku WhatsApp inapita alama tu, CIM-03-017, basi. Kaye zenye majina zinalala kwenye kabati la santre lenye kufuli.

8. Kuhakikisha kabla ya kuamini

Kila mwezi, kabla ya kujumlisha, fungua rejista tatu kando ya kaye: ya CPN, ya materinite, na ya chanjo. Ile ya chanjo njo mtego mzuri. Mtoto aliyeletwa kwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) na hayumo kwenye rejista ya materinite, alizaliwa wapi? Wamama wanaozalia nyumbani wengi wanaleta mtoto kwa BCG hata hivyo, utawapata pale.

Angalia pia namba nzuri kupita kiasi. Uzito wote ni 3000 ao 3500, tarehe zote ni 1 ao 15, ziara zote zilifanywa siku moja na biki ya rangi moja: mtu alijaza akiwa kwake. Usimfedheheshe mbele ya wengine, nenda naye nyumba tano mkaulize tena pamoja.

Mara mbili kwa mwaka fanyeni uchunguzi mdogo ule wa nyumba 19, unaoitwa LQAS. Kwa kila eneo la usimamizi chagua kwa bahati nasibu wamama 19 waliozaa mwaka uliopita, uwaulize yale yale. Lengo lako likiwa 80%, eneo lenye wamama 13 ao zaidi wenye jibu zuri linapita, chini ya 13 halikufika, linahitaji msaada kwanza. Haikupi asilimia kamili ya eneo, inakuambia tu pa kuanzia, na kwa programu ndogo hiyo inatosha kabisa. Aulize mtu wa eneo lingine, asiwe reko wa pale.

9. Mkutano wa mwezi

Karatasi kubwa ukutani, titileri, wareko, CODESA. Tuseme kaye zilikuwa na wamama 33 wa kuzaa mwezi huu, na rejista ya materinite iko na 26. Usiandike 79% na kuendelea. Hao saba ni nani? Mnapitia alama moja moja: watatu walizalia kliniki ya mtu binafsi, wawili nyumbani, mmoja alihama, mmoja bado anangoja. Kwa wale wawili wa nyumbani mnafungua ile nafasi ya maneno: mmoja uchungu ulianza saa nane usiku na hakukuwa na pikipiki ya kushuka mteremko, mwingine aliogopa kuzuiliwa materinite juu ya deni. Basi mmeshapata kazi mbili: kutafuta wamotari wawili waaminifu wa usiku na kuandika namba zao ukutani, na titileri kutangaza bei wazi tangu CPN ya kwanza. Kila kazi iwe na mtu na siku. Mkutano unaofuata unaanza na hizo mbili, kabla ya namba mpya.

Wareko warudi ku mtaa na jibu. Watu wakiona kwamba walisema jambo la pikipiki na pikipiki ikapatikana, mlango unaofuata unafunguka mapema.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Namba za miezi miwili ya kwanza zitapanda kwa kasi, na si kwamba hali imebadilika, ni kwamba mmeanza kuona. Vifo pia vitapanda, mwambieni mfadhili na zoni mapema, kwa maandishi, kabla rapori haijatoka. Anzeni kulinganisha toka mwezi wa tatu wa kazi, na reko akihama ao akichoka, kaye yake ihesabiwe na kusainiwa mbele ya titileri siku ile anapoondoka, kabla mwingine hajaishika.